Wafalme wa Kichina na Jina la Baba

Baba alifariki asubuhi moja mbele ya duka lake la Ibra, Omani, funguo ziko mkononi, kufuli moja limekwisha kufunguliwa na la pili bado. Nilikuwa nimerudi kutoka masomoni nje muda si mrefu, nangoja kuitwa kazini Nizwa. Kwa kuwa sikuwa na kazi nilikuwa na nafasi ya kufikiri, jambo ambalo kwangu halijawahi kuleta heri.

Hata makaburini nilifikiri. Tulimzika kama wanavyozikwa watu wa kule: jiwe kichwani, jiwe miguuni, mawe ya mlimani yasiyochongwa, bila herufi hata moja. Watu walikuwa wakiomba dua, na mimi nikawa najiuliza kama baada ya mwaka mmoja nitaweza kulijua kaburi lake kati ya yale yote. Nikatafuta alama. Kulikuwa na mgunga mdogo, na mbele yake pembe ya ukuta iliyobomoka. Halafu nikaona haya, kwani nilikuwa natazama huku na huku kama mtu aliyeegesha gari sokoni.

Taazia ilikaliwa katika sabla ya mtaa, ile baraza ndefu ya wanaume, tende na kahawa zikizunguka. Mimi nilikaa karibu na ami, ndugu mdogo wa baba, tukipokea mikono. Walikuja watu wa Izki na Nizwa, wakaja na wale waliofanya biashara na baba tangu Bara, upande wa Afrika, katika mji wetu wa ziwani, kabla mambo hayajachafuka na sisi kurudi Omani. Kila aliyekaa alimwongezea marehemu sifa.

"Alikuwa mcha Mungu."

"Mkarimu, wallah."

"Na mpole. Mpole sana."

Kwenye upole ami alipaliwa na kahawa.

Aliponiinamia aliniuliza taratibu, "Nyinyi kwenu China mnasemaje mtu wa namna hii?"

Hilo lilikuwa dhihaka, na lina asili yake. Chuoni, kazi yangu ya mwisho ya historia ilihusu majina wanayopewa wafalme wa China wakishakufa. Sikuichagua kwa mapenzi. Mwalimu aliitaja darasani, wenzangu wakainamisha vichwa, mimi nikashindwa kuinamisha changu kwa wakati. Niliporudi nyumbani nikaulizwa nimesoma nini, nikaeleza, na mama akashika tama.

"Miaka yote ile kwenye baridi, mwanangu, ulikuwa unasoma majina ya maiti?"

"Na wangekuwa maiti wa Kiislamu!" ami akadakia. "Wa Kichina!"

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo mzaha wa nyumba. Lakini pale kwenye sabla sikuweza kucheka, maana wafalme wale walikuwa wamenijia wote na kukaa.

Mfalme wa China alikuwa na jina lake la kuzaliwa kama mtu yeyote. Akishakalia kiti, jina hilo halitamkwi wala haliandikwi. Mwenye jina kama lake analibadili, na mwandishi akilifikia neno hilo huliruka au huliandika pungufu, bila mstari wake mmoja. Wapo wafalme waliowaonea watu huruma: mmoja alichukua jina jipya, neno adimu, ili raia wasipate taabu ya kulikwepa. Akifa, hupewa majina mengine. Moja ni la nyumba ya ibada ya mababu, huandikwa kwenye kibao cha mti, na kwa hilo kizazi chake humheshimu kwa zamu yake: aliyeanzisha ukoo huitwa Zu, yaani babu, na wanaofuata huitwa Zong. La pili ndilo lililoninyima raha. Wakubwa wa baraza walikaa, wakapima maisha ya marehemu, wakamtafutia neno. Aliyeleta elimu na adabu aliitwa Wen. Mtu wa vita, Wu. Mkatili, Li. Aliyekuwa wa kuhurumiwa, Ai. Neno moja, na halifutiki.

Yule mfalme wa kwanza aliyeiunganisha nchi yote aliipiga marufuku desturi hiyo, kwa hoja kwamba ni kuwapa watoto ruhusa ya kumhukumu baba yao. Ukoo wake haukudumu, desturi ikarudi. Baadaye ikaharibika kwa njia nyingine. Kila mfalme akaongezewa sifa juu ya sifa, jina likawa refu kama mkufu, na ukiyasoma majina mawili huwezi kumjua mwema na mwovu, maana wote ni wacha Mungu, wakarimu na wapole.

Kwa hiyo nilikaa kwenye sabla ya Ibra nikimtafutia baba neno lake moja, na papo hapo nikiogopa kulipata.

Mama alikuwa ameingia eda. Hatoki mpaka imalizike, hajipambi, anakaa chumba cha nyuma chenye dirisha la kutazama mtende mmoja. Katika hali hiyo ndipo habari ilipotufikia kwamba dada yangu, aliyeolewa Sur, amejifungua mtoto wa kiume. Mama alilia kwa namna ambayo hakulia hata siku ya mazishi. Kisha akajifuta, akaniita.

"Jina limepata mtu," alisema. "Nenda Sur. Kamwambie dada yako asije akamwacha mtu akamtia mtoto jina jingine."

"Mama, si atajua mwenyewe?"

"Angejua angekwisha leta habari. Kakaa kimya. Mie namjua akikaa kimya."

Desturi ilikuwa upande wake. Dada alikuwa na wana wawili wa kiume tayari, na wote walichukua majina ya upande wa baba yao. Huyu wa tatu shemeji mwenyewe alikwisha sema ni zamu yetu. Na mtoto anayezaliwa kaburi la babu yake halijakauka, jina lake halina mjadala.

"Na kama hataki?" niliuliza.

"Basi litakaa mpaka weye uzae. Na weye utaoa lini, ukishamaliza kufikiri?" Akatazama dirishani. "Jina likikaa bila mtu linapoa, mwanangu. Wote waliokuwa wakimwita kwa jina lake wameshakufa, au wamebaki Bara. Hapa Omani nani alimwita? Huyu kamwita sheikh, huyu kamwita mzee, nyinyi mkamwita baba. Nataka nilisikie likiitwa. Basi."

Yeye mwenyewe hakuwahi kulitamka. Alimwita "bwana", na akimzungumzia kwa watu alisema "baba watoto". Kule mji wa ziwani mtaani kwetu alikuwapo mtoto mwenye jina sawa na la baba. Mama akambatiza "mtoto wa nyumba ya bati", na mtaa mzima ukafuata, mpaka nadhani hata mamake alisahau. Nilipokuwa maktaba ya ugenini nikasoma habari za Wachina kuliogopa jina la mfalme, niliwaza mama na yule mtoto, nikacheka peke yangu, watu wakanigeukia. Sisi watoto tulilitaja jina hilo ofisini na shuleni tu, nyuma ya majina yetu, fulani bin fulani, kama mkia. Huko hakukuwa kuita.

Nilichukua pikapu ya ami. Njia ya kwenda Sur ni ndefu kwa mtu asiyejua kunyamaza moyoni. Nilipanga hotuba. Nilijua, au nilidhani najua, kwa nini dada amekaa kimya. Kule Bara alikuwa msichana wa kwanza darasani kwake. Tulipofika Omani, kabla hatujafungua masanduku yote, baba akamwoza Sur. Hakumuuliza. Alikwenda msikitini Ijumaa, akarudi na mchumba. Dada akaacha masomo akiwa na kalamu mpya ambayo hajaitia wino. Basi niliona jambo liko wazi: dada amemhukumu baba, amempa neno Li, mkatili, na hataki mwanawe alibebe jina la mtu huyo. Nilipopita njia panda ya Wadi Bani Khalid hotuba ilikuwa imekwisha. Nilipoiona bahari nilikuwa nimeshaibomoa na kuijenga upya, na sikuiamini tena.

Dada alikuwa kwenye arobaini yake, kalala juu ya godoro, chumba kinanuka ubani na samli. Mtoto alikuwa amefungwa kama bahasha.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona umekonda? Mama hali gani? Anakula?"

"Anakula kidogo."

"Amekutuma jina."

Sikutarajia aanze yeye. Hotuba yangu ilianzia mbali, ikazunguka, ndipo ifike. Sasa nikaikata katikati. Nikamweleza wafalme wa China na wakubwa wa baraza waliowapa majina, nikamweleza yule aliyeitwa mkatili na yule aliyeitwa wa kuhurumiwa, nikamwambia kwamba hata waliopewa neno baya hawakunyimwa watoto wa kuwafukizia ubani, na kwamba mtu anaweza kumhukumu baba yake na bado...

"Ngoja," alisema. "Umetoka Ibra mpaka hapa kuja kunihukumia baba yangu kwa sheria za Wachina?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema. Nani kakwambia mimi namchukia?"

Mtoto akajinyonganyonga ndani ya nguo zake, dada akamweka sawa kwa mkono mmoja.

"Haya, hao wakubwa wa baraza lako," alisema, sauti imeshuka. "Kwa baba wangesema neno gani?"

"Sijui. Nimelitafuta tangu siku ya taazia."

"Mimi ninalo. Haraka." Akatabasamu kidogo. "Mtu wa haraka. Alituondoa Bara sufuria ikiwa motoni, unakumbuka? Mama analia wali wake. Waliongoja waone mambo yatakavyokuwa, wewe unajua yaliyowapata. Haraka ile ndiyo iliyotuokoa. Na haraka ileile ndiyo iliyonileta chumba hiki. Nitaipasua vipi mimi, hii niichukue, hii niitupe? Hata kufa kafa haraka, kabla hajafungua duka."

Nililipenda neno lile mara moja, na mara moja likaniogopesha, kwa sababu lilikuwa la kweli na lilitoka kwa mtoto wake.

"Basi kwa nini hutaki jina?"

"Nitamwitaje?" Alinitazama kana kwamba ni mimi mgonjwa. "Jina la baba yangu! Nitamwambia 'fulani, toka kwenye tope'? Ulimi utageuka? Mama hajalitaja maisha yake yote, mimi sijalitaja. Litaitwa na nani, majirani? Nitakaa namwita 'baba', 'baba', na siku akinikosea niseme 'baba, tafadhali usimpige mwenzako'. Wallah huyo ataharibika. Miaka yote nilikuwa nikisikia kikohozi cha baba yetu mlangoni nanyamaza. Nataka mtoto ninayeweza kumgombeza ndani ya nyumba yangu. Khalas. Hilo tu."

Vitabuni nilisoma kurasa nyingi juu ya watu waliokatazwa kulitaja jina, lakini haikunipitikia kujiuliza yule mwenye jina alikuzwaje, na nani alimkanya.

Nilirudi Ibra siku ya pili yake. Njiani nilifikiri nimfikishie mama maneno yale kwa namna gani, niyalainishe au niyaache kama yalivyo. Mwishowe niliyaacha kama yalivyo, na si kwa ujasiri: nililainisha kwa namna nyingi mno nikasahau ipi niliichagua.

Mama alisikiliza akiwa amenipa ubavu. Niliogopa ataudhika. Badala yake aliuliza, "Kasema ulimi hautageuka?"

"Ndivyo alivyosema."

"Kweli." Akakaa. Mtende ule wa dirishani ulikuwa unapigwa na upepo mkavu, makuti yanakwaruza ukuta. "Mamake baba yako alikuwa akimwita kwa kelele. Mie bibi arusi, nimo ndani, namsikia uani anamtaja mwanawe na kumtukana, na yeye mwanamume mzima mwenye ndevu anaitika labeka. Nilikuwa nafurahi!" Akajifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. "Yule bibi alipokufa, jina nalo likakoma. Nyumba ikawa kimya."

Kisha akanigeukia.

"Rudi. Mwambie nimempa ruhusa. Amgombeze kwa jina hilohilo. Amwambie mjinga, amwambie mchafu, mie sitaona vibaya. Sihitaji mtu wa kuliheshimu. Nimeliheshimu mie, inatosha."

Nikarudi Sur na ruhusa hiyo, ami akinung'unika kwamba gari lake limekuwa posta. Dada aliisikiliza, akauliza mama alisema hivyo kwa sauti gani, amekaa vipi, alikuwa akicheka au akilia. Nilijibu nilivyoweza. Hakusema ndiyo wala hapana. Nikabaki hadi siku ya akika. Mbuzi akachinjwa, nywele za mtoto zikanyolewa, shemeji akaja mlangoni kuuliza jina. Dada akalisema. Alilisema chini sana hata shemeji akainama, "Nani?" na yeye akarudia huku akitazama ukutani.

Nilidhani jambo limekwisha. Nilikwenda Nizwa nikaanza kazi, na kila nilipopata nafasi ya kwenda Sur nilisikiliza. Mtoto hakuitwa. Dada alimwita "baba". Ndugu zake walimwita "baba" kwa kumfuata mama yao. Shemeji alimwita "shaibu", mzee, kwa mzaha. Jina lilikuwapo, wote tunalijua, na hakuna aliyeligusa. Tulikuwa tumemfanya mtoto mfalme wa Kichina, nikawaza, na kibao chake kiko juu ya rafu, kimesafishwa, hakisomwi. Nikajiuliza kama mama angefurahi zaidi lau tungelikataa waziwazi. Nikajiuliza kama ruhusa niliifikisha vibaya, kama kulikuwa na neno moja katika kauli yake nililoliangusha njiani.

Idi iliyofuata dada alikuja Ibra na watoto wake. Mama alikuwa amekwisha toka eda siku nyingi, amevaa nguo mpya, na alimpokea mtoto mlangoni kwa kelele.

"Mume wangu huyo! Njoo, mume wangu, umeniacha muda wote huu na wivu!"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, lakini nilimwona alivyokuwa anamtazama dada mdomoni, akingoja. Dada akasema, "Baba, msalimie bibi." Mama akainamisha uso kwenye shingo ya mtoto.

Jioni ile tulibaki watatu uani na mtoto kwenye mkeka. Alikuwa ameanza kutambaa. Feni ya mezani ilikuwa juu ya kigoda, waya wake umepita sakafuni hadi ndani. Mama alikuwa anatoa kokwa za tende, dada anakunja nguo, na mimi, kama kawaida yangu, nilikuwa natazama bila kuona. Mtoto akaufikia waya, akaushika kwa mikono miwili, akauvuta. Feni ikayumba.

Dada akalitaja.

Alilitaja kwa ukali, lote, na nyuma yake akaongeza, "Acha, mjinga wewe!" Sauti ilifika hadi barazani. Kisha akaiweka nguo mdomoni. Mimi niliona mgongo wangu umesimama wima wenyewe, na macho yangu yako mlangoni, na nilipogeuka nikakuta na dada anautazama mlango uleule. Tulingoja kikohozi.

Hapakuwa na kitu. Mtoto alitutazama mmoja mmoja, akaona hatusemi, akaushika tena waya.

Mama alikuwa bado na tende mkononi. Hakunyanyua uso.

"Mbona umenyamaza?" alimwambia dada. "Hajaacha huyo. Mwite tena."